Pimeni Umeme Kabla ya Kufunga Spika

Altaneta imekufa tena. Mwenye matatu anamlaumu fundi, fundi analaumu altaneta za mtumba, dereva analaumu foleni ya Mombasa Road. Betri zimebadilishwa, mkanda umebadilishwa, hata dereva mwenyewe amewahi kubadilishwa. Kitu ambacho hakuna anayekigusa ni rundo la amplifaya chini ya kiti cha nyuma, na sabufa zinazokula umeme ambao gari lile halikuundwa kuutoa.

Tumechoka kuambiwa ni bahati mbaya. Ni hesabu, tena hesabu ya shuleni: wati ni volti mara ampea.

Chukua matatu ya kawaida ya abiria 33, ile inayojengwa juu ya chesisi ya lori dogo la Isuzu. Umeme wake ni wa volti 24. Ikiwa altaneta yake ni ya ampea 50, basi injini ikizunguka vizuri inatoa wati 1,200 hadi 1,400 hivi. Kutoka kwenye hizo zinalishwa taa, waipa, feni na kila kitu kingine, na bado betri zinatakiwa zichajiwe. Sasa mtu anakwenda Luthuli Avenue, ananunua amplifaya zilizoandikwa wati 3,000, anazifunga, kisha anashangaa taa za mbele zikififia kila besi inapogonga. Taa zikififia namna hiyo, gari limeshakuambia kwamba limezidiwa.

Ni kweli amplifaya nyingi za bei nafuu zinajisifu kwenye boksi kuliko zinavyofanya kazi. Tukate madai yake nusu basi, tubaki na wati 1,500. Hizo ni ampea 125 kwenye volti 12 ambazo amplifaya za gari hutumia, na hatujahesabu umeme unaopotea kama joto. Fundi atakwambia pia kwamba muziki haugongi kwa nguvu zote muda wote. Kweli, wimbo una mapumziko yake. Lakini mseto unaochezwa kwenye nganya, yaani matatu zilizopambwa, za Umoja na Rongai umechaguliwa kwa ajili ya besi, na unaanza alfajiri hadi usiku.

Foleni ndiyo humaliza kabisa. Altaneta inazungushwa na injini, na injini ikinguruma polepole pale Bellevue au Allsops, altaneta haitoi umeme ule ulioandikwa juu yake. Tanki linalofunguliwa mifereji minne huku bomba la kulijaza ni jembamba litakauka tu, na hapahitajiki mhandisi kulieleza hilo.

Pengo hilo linazibwa na betri. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini ishike, kisha ijazwe tena. Haikutengenezwa inyonywe mchana kutwa. Ikikaa nusu tupu siku baada ya siku, salfeti inaganda kwenye sahani zake za risasi na uwezo wake wa kushika chaji unapungua. Halafu inafika asubuhi moja, abiria wamejaa, ufunguo unazungushwa na gari halishiki. Makanga na vijana wa steji wanasukuma. Altaneta nayo, iliyokuwa ikilazimishwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote, inachemka hadi dayodi zake zinaungua. Ndipo fundi anapofuta mikono na kusema, "Mzee, altaneta imechoka." Imechoshwa, na yeye na mwenye gari wanajua na nini.

Kuna kosa moja linalotuudhi kuliko mengine, kwa sababu linafanywa na watu wanaojua. Amplifaya za gari ni za volti 12, na matatu ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zifanye 24. Fundi mwenye haraka anavuta waya kutoka betri moja tu, muziki unalia, na mwenye gari anafurahi kwamba hakulazimika kununua kifaa cha kushusha volti. Tangu siku hiyo betri moja inanyonywa na muziki huku nyingine imekaa. Altaneta haizioni betri mojamoja, inaona jumla ya zote mbili, basi inaendelea kusukuma chaji. Ile inayonyonywa haijai. Ile isiyonyonywa inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kukauka. Zote mbili zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Kisha inanunuliwa betri moja mpya, inaunganishwa na ile mgonjwa iliyobaki, na hasara inaanza upya.

Kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12 kipo madukani. Cha kusawazisha chaji kati ya betri mbili kipo pia. Anayetaka muziki mkubwa kweli anaweza kufungiwa altaneta ya pili, ya volti 12, iwe na betri yake ya muziki peke yake. Yote haya yanajulikana Kirinyaga Road na kwenye kila gereji ya jua kali inayojiheshimu. Hayafanywi kwa sababu fedha imeshaishia kwenye spika, na umeme unafikiriwa mwisho.

Hasara ya betri ni ya mfuko. Hasara ya waya ni ya roho za watu. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi unapata joto, gamba lake la plastiki linalainika, shaba inagusa bodi ya chuma, na cheche inaruka katikati ya zulia, sponji ya viti na mbao za masanduku ya spika. Kazi ya fyuzi ni kukata umeme kabla hayo hayajatokea. Kwa hiyo fyuzi kuu inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, ndani ya nusu mita hivi, kwa maana kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Fyuzi iliyowekwa kule nyuma kando ya amplifaya inailinda amplifaya. Waya mrefu unaopita chini ya miguu ya abiria hauna wa kuulinda. Na fyuzi iliyokatika mara mbili ikabadilishwa kwa kubwa zaidi, au kwa kipande cha waya, hiyo si fyuzi tena. Fyuzi ikikatika inakupa taarifa. Anayeitafutia njia ya kuizunguka anawasha moto polepole ndani ya gari lenye watu 33.

Kuna pia waya zinazouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa unene uleule zinapitisha umeme mdogo kuliko shaba halisi. Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa kisu uone rangi ya ndani. Na kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvalishwe raba, la sivyo mtikisiko wa gari utausaga hadi shaba ionekane.

Tukija kwenye bodi, mambo yanaonekana kwa macho. Bodi za matatu kubwa zinajengwa hapahapa nchini, kwa mabomba ya chuma ya mraba, mabati, ribiti, kulehemu na gundi ya kuziba. Zimewekewa hata kiwango cha ujenzi, KS 372 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya. Zinajengwa zibebe watu juu ya barabara zetu, na hiyo peke yake ni kazi nzito. Besi ya hezi 40 inalisukuma na kulivuta bati mara 40 kwa sekunde moja. Katika saa moja ni mara 144,000. Ukiweka mkono kwenye paa la nganya muziki ukiwa juu, utausikia mkononi kuliko masikioni.

Dalili zinaanza ndogo. Bamba la namba linacheza kule nyuma. Kioo cha pembeni kinatetema hadi dereva anaona pikipiki mbili mahali palipo na moja. Ribiti zinalegea. Mahali palipolehemewa panapata ufa mwembamba kama unywele, rangi inapasuka juu yake, maji yanaingia, na kutu inaanza kula kutoka ndani ambako hakuna anayeiona. Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, inakula haraka zaidi. Gundi ya kioo cha mbele na raba za madirisha zinaachia, na masika ikifika paa linavuja juu ya waya zilezile tulizozitaja. Balbu za nyuma zinakatika nyuzi kabla ya wakati wake, na gari linarudi usiku likiwa na taa moja ya breki. Kwenye van ndogo za abiria 14, mlango wa nyuma ndio unaoteseka zaidi, bawaba na kitasa chake, kwa kuwa spika zimeuegemea.

Uzito pia usisahauliwe. Sabufa nzito ya inchi 15 yaweza kufika kilo 20 bila sanduku lake. Panga nne, ongeza mbao nene na amplifaya, kisha ziweke zote nyuma ya ekseli. Springi za nyuma zinabeba mzigo huo hata gari likiwa tupu.

Huko Marekani yapo mashindano ya kupima ni gari lipi lenye sauti kubwa kuliko yote, na vioo vya mbele hupasuka kwa msukumo wa hewa ya spika peke yake. Washindani wakubwa wanabadilisha vioo waweke vizito zaidi, wanamwaga saruji ndani ya bodi ili isichezecheze, na hawakai ndani gari linapopimwa. Wanajua gari linaharibika, na wamekubali kuliharibu kwa ajili ya sekunde chache za kipimo. Matatu ina mkopo wa kulipa kila mwezi, na ndani yake kuna mama mwenye mtoto mgongoni.

Sasa tuseme kwa nini mbio hizi za sauti hazina mshindi. Kuongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida, kunahitaji umeme mara mbili. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji umeme mara kumi hivi. Kwa hiyo gari la steji jirani likikuzidi kidogo, wewe ukaongeza amplifaya maradufu, abiria hataona tofauti ya maana. Altaneta itaiona. Hapo ndipo fedha za nganya nyingi zinapozama, na hakuna muuzaji wa spika atakayekuambia.

Dereva naye ananyimwa chombo chake cha kwanza cha kazi. Gari linatoa sauti kabla ya kuharibika: pedi za breki zilizoisha zinalia kama chuma kwenye chuma, beringi ya gurudumu inanguruma, mkanda unapiga kelele, upepo wa breki unavuja kwa mluzi mwembamba. Dereva anayeyasikia hayo anaingia gereji siku hiyohiyo. Asiyeyasikia anafika gereji akivutwa na gari la breki dauni. King'ora cha ambulensi hakisikii pia. Na masikio yake mwenyewe yanakwisha: kwenye desibeli 100, mapendekezo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, ni mtu asizidishe dakika 15 kwa siku. Makanga wetu anakaa humo tangu kuche hadi usiku.

Tunajua visingizio vyote. Mwenye gari anasema gari lisilo na muziki halijazi. Hakuna aliyemwambia aondoe muziki. Nganya ni kazi ya mikono ya vijana wetu, wachoraji, walehemu na mafundi wa taa, na jiji hili lingekuwa baridi bila wao. Tunachosema ni kwamba spika ndogo nyingi zilizopangwa vizuri kutoka mbele hadi nyuma, kila moja ikicheza kwa upole, zinampa kila abiria wimbo ulio safi. Ukuta wa sabufa kule nyuma unamtesa aliye karibu nao, na aliye mbele anapata mtetemo tu. Spika ndogo zinakula umeme kidogo zaidi. Fundi mzuri anaijua kazi hiyo, ila hajaulizwa.

Fundi anasema mteja ndiye bosi. Kwenye rangi ya viti, sawa. Kwenye fyuzi, hapana. Fundi anayefunga waya bila fyuzi kwa sababu mteja ana haraka anapaswa kuikataa kazi hiyo, kama anavyokataa kufunga breki bila pedi.

Wakuu wa sacco, vyama vinavyosimamia matatu, wanasema ukaguzi ni kazi ya serikali. Serikali nayo ina tabia yake ya kuja kwa kishindo na kuondoka. Kanuni za matatu zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi, Michuki, zilianza Februari 2004, zikaleta vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na mstari wa manjano. Miaka ikapita zikalegea, zikafufuliwa kwa msako mkubwa Novemba 2018, kisha zikalegea tena. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu kelele na mitetemo iliyozidi zipo tangu 2009. Kila mara ugomvi unakuwa juu ya michoro na makelele, vijana wanakimbizana na polisi, magari yanajificha siku mbili tatu, na hakuna anayeinama kutazama waya uliopita chini ya zulia.

Magari ya abiria yanakaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, na foleni ya Likoni Road kila mwenye matatu anaijua. Umeme wa muziki uingizwe kwenye ukaguzi huo, ukaguliwe muziki ukiwa umefungwa na kuwashwa. Masanduku ya spika yanaweza kushushwa asubuhi ya ukaguzi na kupandishwa jioni, hilo halifichiki kwa mtu yeyote wa steji. Ndiyo maana mlinzi wa kweli ni sacco, inayoliona gari kila siku.

Kipimo chenyewe ni cha dakika tano. Washa injini, iache kwenye mwendo wa foleni, washa taa zote, pandisha muziki hadi pale makanga anapoupandisha, kisha pima volti kwenye betri. Mfumo wa volti 24 unaochaji vizuri husoma karibu 27 au 28. Ukishuka chini ya 25 na ukaendelea kushuka, muziki unakula betri. Pima pia betri moja moja. Zikitofautiana sana, kuna mtu aliyevuta waya kutoka betri moja. Shika waya mkuu kwa mkono baada ya dakika hizo. Ukiwa wa moto, ni mwembamba kwa kazi unayofanya. Mita ya kupimia volti inauzwa kwa bei ndogo mno ukilinganisha na altaneta moja.

Gari lisipopita, punguza. Toa sabufa moja, pima tena. Punguza nguvu ya amplifaya pale kwenye skrubu yake ndogo, ifungwe hapo na makanga asiwe na namna ya kuipandisha. Rudia hadi volti zisimame. Sauti itakayobaki ndiyo ambayo gari hilo linaweza kuibeba. Anayetaka zaidi ya hiyo aongeze altaneta kwanza, spika baadaye, kwa mpangilio huo na si mwingine. Haya yanawahusu pia wenye magari ya nyumbani wanaojaza buti la Probox kwa sabufa za wikendi. Bima zao wazisome vizuri, kwani mabadiliko ya umeme ambayo kampuni haikuambiwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa gari likiungua.

Kila sacco inaweza kuanza Jumatatu. Gari lisilo na karatasi ya fundi inayoonyesha ampea za altaneta, ampea za muziki, unene wa waya na mahali fyuzi kuu ilipo, lisipewe zamu steji. Karatasi iwe na jina na saini ya fundi, ili gari likishika moto ijulikane nani alifunga nini.

Na wewe mwenye gari usisubiri sacco. Mpigie fundi wako leo jioni. Muulize fyuzi kuu iko wapi, ni ya ampea ngapi, na altaneta inatoa ngapi. Akibabaika kwenye swali lolote kati ya hayo matatu, waya wa muziki utolewe kwenye betri usiku huu, na gari litoke kesho bila muziki hadi apatikane anayeweza kujibu.